Kona ya Shuka

Alianza kwa kubeba masanduku,
Zefania Shekalaghe, kijana wa Soni,
kisigino bado kina udongo mwekundu wa milimani,
pale Hoteli Mwamba, Raskazone,
enzi mkonge bado ukilipa
na mameneja wa mashamba wakitoa noti zinazonuka katani.
Mizigo mizito, yeye mwembamba.
Alisema "karibu" kama anayetoa kitu cha kwake.

Mimi nilikuwa dobi. Nilimfundisha kitanda, chumba namba nane:
vuta, bana, kunja, chomeka chini ya godoro,
kona iwe kali kama bahasha ya serikali.
Akakosea mara sita. Ya saba,
thumni niliyoirusha juu ya shuka ikadunda.

Kisha akapanda. Mapokezi, stoo, baa
(yeye asiyekunywa, akijua kila chupa imebaki vidole vingapi),
hesabu za usiku, meneja msaidizi, meneja,
na Jumapili sauti ya besi kwenye kwaya ya Chumbageni.
Shirika lilipouzwa, wenye mali wapya
wakamvika suti na cheo kirefu:
Mkurugenzi wa Uendeshaji.
Tukacheka jikoni: anaendesha nini, na gari hana?

Hatukucheka Machi ile.
Alisimama kati ya masufuria, karatasi mkononi,
akasoma majina thelathini na moja
kwa sauti ileile ya kuitisha oda ya supu.
Salehe wa bustani. Mama Kibibi wa mboga.
Wa kumi na tisa: Mwanamkasi Bakari Chande.
Mimi.
Miaka ishirini na miwili ya mvuke na sabuni.
Hakukosea hata herufi moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikaanza upya Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
pasi ya mkaa, mashuka ya maharusi, kanzu za Idi.
Yeye nikimsikia huko na huko:
yuko Arusha, mkutano wa wenye mahoteli;
yumo gazetini, ameshika kikombe cha shaba.
Halafu nikasikia jambo geni. Ameacha.
Ana miaka hamsini na minne, anasomea uchungaji,
analala bwenini na vijana wanaomwita babu.
Watu wakasema wazimu. Wengine wakasema wito.
Mimi nikasema, kahama mapokezi tu.

Wakampa usharika Pongwe, bati linavuja.
Wanasema husimama mlangoni, mkono mbele,
anajua majina yao na ya wajukuu wao,
na nani hapendi kukaa karibu na dirisha.

Alhamisi moja akaja kwangu, kola nyeupe, jasho.
Biblia hakubeba; alijua nyumba anayoingia.
Akatoa karatasi ile ile,
imechanika kwenye mikunjo, imeungwa kwa gundi.
"Saba wamekufa," akasema. "Wawili hawataki kuniona."
Nikamtilia chai.
Akawa ananywa, na vidole vyake
vinanyoosha pembe ya kitambaa cha meza, mwenyewe hajui.
Sikumwambia nimekusamehe.
Nilimwambia inapoa.

Wiki iliyofuata akaja tena. Akakaa, akaondoka.
Waswahili tuna neno letu juu ya mgeni wa siku ya tatu,
na mimi jembe sina.

Alipobisha mara ya tatu nilikuwa uani,
shuka la harusi limekaukia kambani,
pana, peke yangu silimudu.
"Mchungaji," nikamwita, "shika kona hiyo.
Na hiyo nyingine. Usiburuze chini."
Akavuta. Nikavuta.
Likakaza mpaka likatoa mlio,
kisha tukaanza kutembea, mimi huku, yeye kule,
kila mmoja na kona zake mbili.